AA, KK, QQ na AK: unapandisha hadi ngapi, na unaziachia lini?

MezaTisa

Wakuu, naomba tuchambue mikono mikubwa (zile karata mbili za mwanzo) ya poka ya Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau: AA, KK, QQ na AK (A ni ree, K mfalme, Q malkia).

Tuchukue mfano mmoja ili tusipishane. Meza ya watu tisa, blaindi 1/2 (madau ya lazima ya watu wawili kabla ya karata, dogo 1 na kubwa 2), kila mtu ana chipu 200. Wawili wameingia kwa kulipia 2 tu. Zamu inafika kwako, una ree ya shupaza na ree ya uru.

Kuna kambi mbili. Ya kwanza inasema ingia kimyakimya kwa 2 ili wengi wafuate na poti (chipu zote zilizochangwa mezani) inone. Ya pili inasema pandisha juu kabisa wakimbie, uchukue kidogo kilichopo kabla hujavunjiwa ree zako. Nauliza:

1. Ni kupandisha hadi ngapi, na kwa nini namba hiyo?
2. Flopu (karata tatu za kwanza za mezani) ikishafunguliwa, dau liwe la ukubwa gani?
3. Dalili zipi zinaonyesha ree mbili zimeshapitwa?
4. KK, QQ na AK zinachezwa vilevile au kila moja ina njia yake?

---

Shupaza_10

Kambi zote mbili zinalenga kitu kisicho sahihi. Hutaki wakimbie, na hutaki waingie bure. Unataka waingie kwa bei mbaya kwao.

Michanganyiko ya karata mbili ni 1,326. AA ni 6 tu kati ya hiyo, yaani mara moja katika mikono 221. Ukijumlisha AA, KK, QQ na AK unapata 34, takriban mara moja katika mikono 39. Kitu kinachokuja kwa nadra hivyo hakifai kuchukua poti ya chipu 7.

Sasa nguvu yake. AA dhidi ya mkono mmoja wowote hushinda karibu mara 85 katika 100. Dhidi ya wawili ni 73, watatu 64, wanne 56. Wengi husoma namba hizo wakahitimisha kwamba wapinzani wengi ni hasara. Si kweli. Ukiwa na 56 katika 100 kwenye poti iliyochangwa na watu watano, bado unakula karibu mara tatu ya fungu lako. Ubaya wa kuingia kwa 2 uko kwingine, kwenye ukubwa wa poti.

Fanya hesabu hii. Ukiingia kwa 2 na mkawa watano, poti ni 10 na nyuma yako (chipu ulizobakiza) kuna 198. Ili hizo 198 zote ziingie mezani kwa madau matatu (flopu, karata ya nne, karata ya tano), kila dau lingepaswa kuwa karibu mara 1.2 ya poti. Hakuna atakayekulipia hivyo mara tatu akiwa na mkono ulio dhaifu kuliko wako. Atakayelipia ni yule aliyekwisha kukushinda.

Ukipandisha hadi 10 na wale wawili wakalipia, wenye blaindi wakatupa, poti ni 33 na nyuma yako 190. Hapo dau la theluthi mbili ya poti kila hatua linatosha: 22, kisha 50, kisha 118 za mwisho. Haya ni madau ya kawaida ambayo mtu mwenye KQ anayalipia huku akinung'unika. Hiyo ndiyo tofauti kati ya rundo zima na vijisenti.

Kanuni ya kupandisha: mara 3 ya blaindi kubwa, ongeza blaindi moja kwa kila aliyetangulia kuingia. Hapa ni 6 + 4 = 10. Kama meza ni ya watu wanaolipia chochote, nenda 12 hadi 14. Sababu ni jozi ndogo. Mwenye 44 aliyekwisha kuweka 2 analipia 8 zaidi kufukuzia rundo lako la 190, karibu mara 24 ya alicholipa. Seti (nne ya tatu) humjia kwenye flopu mara moja katika 8.5 hivi, na hata ikija si kila mara atalipwa, kwa hiyo anahitaji mara 15 hadi 20 ili imlipe. Ukimpa bei ya 24 umemfadhili. Ukipandisha hadi 14 analipia 12 kufukuzia 186, mara 15.5. Hapo anakuwa kwenye ukingo.

---

Riva47

Nakubali kwa sehemu. Kuna hali ya kuingia kwa 2 na ikawa sahihi: umekaa mwanzoni kabisa, na nyuma yako kuna mtu anayepandisha kila akiona watu wameingia kwa bei ya chini. Unamwachia apandishe hadi 12, wengine walipie, zamu ikirudi unapandisha hadi 50 au 60. Poti inakuwa imejaa kabla hata flopu haijaonekana.

Kuficha mkono nako si dhambi kila mara. Ukiwa na AA na flopu ikawa A-7-2 za aina tatu tofauti, imebaki ree moja tu kwenye pakiti nzima. Nani atakulipia? Pita mara moja (usiweke dau), waache wapate jozi ya kujidanganya nayo.

---

Shupaza_10

Hiyo ya A-7-2 sina ugomvi nayo. Ile ya kwanza inadai mambo mawili kwa wakati mmoja: mpandishaji awepo nyuma yako, na awe bado hajacheza. Kwenye mfano wa MezaTisa wawili walioingia wako mbele yako na wamekwisha kuonyesha unyonge. Ukiingia kwa 2 na hakuna anayepandisha, umebaki na watu watano na poti ya 10. Mtego unaotegemea mtu mmoja mahususi usiufanye mazoea.

---

Kopa_na_Uru

Nijibu swali la pili.

Kabla ya dau, angalia vitu viwili: karata za mezani zimekaaje, na mko wangapi.

Meza kavu ni kama K-7-2 za aina tatu. Hakuna flashi (karata tano za aina moja, kama kopa tupu) inayosubiriwa, hakuna mfululizo wa maana. Una AA dhidi ya mtu mmoja: theluthi moja ya poti inatosha. Anayekulipia ni mwenye K au jozi ya kati, naye hana karata nyingi za kumwokoa. Dau kubwa hapa linawafukuza hao hao unaowataka.

Meza mbichi ni kama Q-9 za kopa na 4 ya pau. Hapo kuna flashi ya kopa inayosubiriwa, kuna J-10, kuna K-J. Dau liwe theluthi mbili hadi robo tatu. Tazama bei. Poti ni 33. Mwenye kopa mbili mkononi ana karata 9 za kumwokoa kati ya 47 asizoziona, yaani 19 katika 100 kwa karata inayofuata. Ukiweka 10, analipia 10 ili poti ifike 53, anahitaji 18.9 katika 100. Umempa bei yake kamili, hakosei akilipia. Ukiweka 22, analipia 22 ili poti ifike 77, anahitaji 28.6. Sasa kila anapolipia anakosea, na kosa lake ndilo faida yako, hata siku ambayo kopa itashuka.

Ndiyo maana kulalamika kwamba «nimevunjiwa ree» hakusaidii. Atazipata kopa zake karibu mara moja katika tano kwa karata moja. Kazi yako ni kumtoza kwa zile nne nyingine.

Mkiwa watatu au wanne, usiweke dau dogo dogo. Kila mtu wa ziada anaongeza uwezekano kwamba mtu amegusa, na ukipandishiwa mbele ya watu watatu heshimu zaidi kuliko ukipandishiwa na mmoja. Mtu hababaishi watu watatu kwa urahisi.

Karata ya nne isipobadilisha kitu, endelea kwa theluthi mbili. Kosa kubwa la wenye AA ni kuweka dau kwenye flopu, kuogopa, kupita kwenye karata ya nne, halafu kulipia dau kubwa la mwisho. Kwa njia hiyo umempa anayesubiri karata moja ya bure, na umeingiza chipu zako kwenye hatua ambayo yeye ndiye anayejua ukweli.

Kopa ya tatu ikishuka, au 10 ikiungana na Q-9, punguza. Pita kama uko nyuma yake kwa zamu. Kama zamu yako ni ya kwanza, dau la theluthi moja au kupita na kulipia mara moja. Mkono wako bado una thamani, ila ya poti ya wastani.

---

MezaTisa

Shukrani, bei ya kopa imenikaa vizuri. Lakini swali la tatu bado. Tuseme nimeweka 22 kwenye Q♥ 9♥ 4♣, mmoja kalipia. Karata ya nne ni 2 ya shupaza. Poti 77, naweka 50, naye anasukuma zote 168. Nalipia au natupa? Wengine husema ukipandishiwa kwenye karata ya nne ujue jozi moja imekwisha.

---

Riva47

Kanuni hiyo ni nzuri kwa marundo marefu. Kwa chipu 200 haitoshi, inabidi uhesabu.

Unadaiwa 118 zaidi. Mezani kuna 77 + 50 + 168 = 295. Ukilipia jumla ni 413, kwa hiyo unahitaji kushinda 28.6 katika 100.

Anaweza kuwa na nini? Huyu aliingia kwa 2 na kulipia 10, kwa hiyo QQ iondoe, angepandisha. Zinabaki 99 (michanganyiko 3), 44 (3), na Q9 za aina moja (3). Hiyo ni 9 inayokuumiza. Dhidi ya seti una ree mbili tu kati ya karata 44, karibu 4.5 katika 100. Dhidi ya Q9 hali ni afadhali: ree 2, nne 3 na mbili 3 zote zinakupa jozi mbili kubwa kuliko zake, jumla 8 kati ya 44, karibu 18. Kwa wastani dhidi ya hiyo 9 una 9 katika 100. Kama ana hiyo tu, tupa.

Lakini ongeza mikono ya kopa inayosukuma kwa matumaini. Dhidi ya kila mmoja una karibu 80. Ukiongeza mitatu, wastani wako unafika 27, bado haujatosha. Ukiongeza minne unafika 31, na kulipia kunalipa. Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama amekushinda au la. Jiulize: huyu ni mtu anayeweza kusukuma kopa mbili au KQ hapa, walau michanganyiko minne? Kwa mtu mwenye pupa, ndiyo, lipia. Kwa yule aliyekaa saa nzima akitupa na kulipia tu, halafu ghafla akasukuma zote, hata miwili humpatii. Tupa, na usijutie.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: kila mtu awe na 400. Poti ya flopu ni ile ile 33, lakini nyuma kuna 390, karibu mara 12 ya poti. Hapo jozi moja haifai kubeba rundo zima. Weka flopu, weka karata ya nne, kisha fikiria kupita kwenye ya mwisho.

Ndiyo sababu kabla ya flopu gawanya rundo litakalobaki kwa poti itakayokuwepo. Ikiwa ni 4 au chini, jozi iliyozidi karata zote za mezani inaingia yote bila kujiuliza sana. Mfano wetu ulikuwa karibu 5.8, eneo la hesabu. Zaidi ya 10, jozi moja ni mkono wa poti ndogo. Kupandisha hadi 14 kwenye meza ya walipaji kunaleta poti ya 45 na rundo la 186, yaani 4.1. Unajirahisishia maamuzi yote yanayofuata.

---

Kopa_na_Uru

Nyongeza kwa karata ya tano. Ukiweka dau la mwisho na mtu aliyekuwa analipia tu akakupandishia, hasa kwenye meza za blaindi ndogo, hiyo karibu kila mara ni jozi mbili au zaidi. Hakuna tena karata ya kusubiri, kwa hiyo ile mikono minne ya matumaini imetoweka kwenye hesabu. Isipokuwa kilichobaki ni kidogo sana: unadaiwa 20 na poti ni 300, lipia tu.

---

JeziYaPau

Nichukue swali la nne maana kila mmoja ameng'ang'ania ree.

KK: kabla ya flopu cheza kama AA. Kwenye meza ya tisa ukiwa na KK, uwezekano wa mmoja kati ya wanane kuwa na AA ni kama 4 katika 100. Kwa chipu 200 usiitupe kabla ya flopu. Hata mpinzani akisukuma kwa AA, KK, QQ na AK tu, wewe una michanganyiko 6 ya kukutesa dhidi ya 14 ya QQ na AK, na kwa jumla unashinda takriban 57 katika 100. Shida ya KK ni flopu: ree hushuka walau moja karibu mara 23 katika 100. Ikishuka, usitupe papo hapo na usiweke madau matatu. Pita mara moja, lipia dau moja la kawaida, likija la pili kubwa achia.

QQ: flopu yenye A au K huja 41 katika 100. Kwa JJ, karata yoyote kubwa kuliko jeki huja 57. Ndiyo maana hizi mbili zinahitaji kuongeza mapema kuliko AA, si kuchelewesha. Mtu akifungua kwa 6 (akiwa wa kwanza kupandisha), pandisha hadi 18 ukiwa unacheza baada yake, 24 ukiwa unacheza kabla yake, na 6 zaidi kwa kila aliyelipia katikati. Wewe wa mbele unalipa gharama ya kucheza gizani, kwa hiyo mtoze zaidi.

Naye akikurudishia hadi 45? QQ hapo inategemea kama AK iko kwenye orodha yake. Akisukuma zote kwa AA, KK na AK, una kama 40 katika 100, na poti iliyokwisha kujengeka mara nyingi inaruhusu kulipia. Akisukuma kwa AA na KK peke yake una 18, na hakuna poti inayokuokoa.

AK: hii si jozi, na watu husahau. Inagusa A au K kwenye flopu karibu 32 katika 100, kwa hiyo mara mbili katika tatu unabaki na karata mbili kubwa tupu. Uzuri wake ni kabla ya flopu. Ukishika A moja na K moja, michanganyiko ya AA inashuka kutoka 6 hadi 3, na ya KK vilevile. Ile miwili unayoiogopa umeikata nusu. Dhidi ya QQ uko 43 katika 100, au 46 ikiwa ni za aina moja. Kwa hiyo AK unaipandisha na kuipandishia mtu, ili mara nyingi watupe na wewe usihitaji kugusa chochote.

Ukikosa flopu: dhidi ya mmoja kwenye K-7-2 hujakosa, weka theluthi. Kwenye Q-7-2 theluthi moja ya poti kwa kubabaisha ni sawa, mara moja tu. Kwenye 9-8-7 za aina mbili, au mkiwa watatu na zaidi, pita na uachie. Kuendelea kuweka dau na AK tupu kwa sababu «ulikuwa mkono mzuri» ni kama kulipia nauli ya basi lililokwisha kuondoka.

---

MezaTisa

Na kwenye mashindano, rundo likiwa fupi?

---

JeziYaPau

Fupi zaidi, rahisi zaidi. Rundo la blaindi kubwa 12 au chini na hakuna aliyepandisha: sukuma zote kwa mikono hii yote minne. Ukiwa na 25 hivi, fungua kwa mara 2 hadi 2.2 ya blaindi, na mtu akikusukumia, lipia na QQ au AK. Ukiwa na 20 na mtu ameshafungua mbele yako, usilipie tu uone flopu ukiwa na AK. Sukuma, ili uzione karata zote tano badala ya tatu.

---

MezaTisa

La mwisho. Kama 14 ni bora kwa AA kwenye meza ya walipaji, nipandishe 14 kwa AA na 8 kwa mikono ya kawaida?

---

Shupaza_10

Hapana. Mkono wowote unaoufungua kutoka nafasi ile ile na watu wale wale wameingia, upandishe kwa namba ile ile. Ukiweka 14 kwa ree na 8 kwa 9-8, baada ya mizunguko michache mwenye 44 atatupa mbele ya 14 na atakulipia 8. Kama 9-8 haistahili 14 kwenye meza hiyo, basi haistahili kupandishwa kabisa. Itupe, na 14 yako ibaki ya mikono yote inayostahili: AA, JJ, AQ na hata 10-10. Hapo akiona 14 hajui kama anaongea na ree au na makumi mawili.